Kesho Usiwashe kwa Ufunguo

Aline mwanangu,

Barua hii nimeitia ndani ya kiatu chako cha kushoto kwa sababu nakufahamu. Ningeiweka mezani, ungesema utaisoma ukifika. Ningempa mama yako, angeifungua. Lakini kiatu huwezi kuacha kukivaa, na cha kushoto ndicho cha klachi, kwa hiyo mguu wako utaikuta barua kabla haujagusa gari. Isome yote, kisha ndipo utoke nje.

Sitakuandikia habari za kula na kulala. Mama yako amekwisha kukuambia kuhusu chandarua, kuhusu kufua, kuhusu kanisa lililo karibu na kwa shangazi yako Goreti, na kuhusu wanaume wanaosema wana haraka ya kuoa. Nilikuwa nasikiliza nyuma ya mlango wa jikoni, na sikupata la kuongeza. Mimi ninachokijua ni gari, na hata hilo lina mambo linayonificha.

Leo mchana ulipoweka kijiko chini ukasema, "Papa, shangazi amepiga telefone. Kama sifike kesho, iko na shofeli mwingine, na gari yake. Mimi kesho naenda, hata kama ni kwa kusukuma," niliendelea na ugali wangu. Ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta njia nyingine ya kukuzuia, nikaona zote zimekwisha.

Ukweli ni huu. Macho yangu jua likishuka huona taa mbili mahali penye moja, na mtu wa namna hiyo hafai kuwa barabarani. Hilux yetu ndiyo iliyobeba mawese ya Kizuka mpaka sokoni miaka yote ya utoto wako, ndiyo iliyokulisha na kukusomesha. Goreti alipoomba gari na wewe wa kuliendesha, awe anachukua samaki huku Rumonge na kuwauza Bujumbura, kila mtu hapa nyumbani alisema ni jambo jema. Mimi peke yangu nilimwuliza dada yangu kwa nini hakuwaomba wanawe.

Unanijua, mimi ni mtu wa shaka. Nikiletewa chai yenye sukari ya kutosha nauliza wanataka nini. Ulipokuja na permi yako ya kuendesha mkononi, uso unang'aa, nilisema imekuja upesi kuliko papai la pale nyuma. Wewe ulicheka. Mama yako hakucheka. "Mtoto amejua kuendesha," alisema. "Wewe unataka akoseye ndiyo ufurahi?" Nikamjibu lisemwalo lipo, na watu wanasema mengi juu ya permi za haraka. Niliona uso wako ulivyobadilika, na sikuyarudisha maneno yale.

Shaka hii sikuzaliwa nayo. Mimi nimekulia Tanzania, ukimbizini, na kule kila mwaka mtu alituuliza mnarudi lini kwenu. Tuliporudi kwetu, tulimkuta mtu amesimama kwenye mlango wa babu yako. Alitusalimu vizuri kabisa. "Amahoro," alisema, "karibuni," na nyuma yake mkewe alikuwa anaanika mpunga wa shamba letu. Tangu siku ile, mtu akinisalimu kwa upole, kwanza naangalia amesimama wapi. Tulielewana naye baadaye, shamba likagawanywa, na watoto wake umecheza nao. Lakini tabia ikabaki.

Sasa nikwambie la gari.

Gia nilifundishwa na dereva wa lori la mahindi, kule kule Tanzania. Ndiyo maana mimi nasema gia na klachi, nanyi mnasema vitesi na ambrayaji. Kinachoungua ni kile kile. Mzee yule alichukua khanga ya mkewe akaifunika dashibodi yote, nisione sindano hata moja. Niliona ananionea. Nilidhani sindano zimekufa na anaficha ubovu wa lori lake. Akaniambia, "Endesha, na ukitaka kujua wakati wa kubadili, mwulize anayefanya kazi." Anayefanya kazi ni injini. Sauti ikipanda mpaka ikaanza kulalamika, ipe gia ya juu. Ukikanyaga mafuta na gari linatetemeka, halina nguvu, linagonga, umeipa mzigo usio wake, irudishe chini. Hayo unayajua, ulianza kuyasikia ukiwa mapajani mwa mama yako. Wengi wanajua kupandisha. Kazi iko kwenye kushusha, kwa sababu mtu akishazoea gia ya tatu anaona kurudi ya pili ni kama kunyang'anywa kitu.

Kuna siku ambayo mama yako hapendi niisimulie. Tulikuwa tunatoka Kizuka, mapipa ya mawese yamejaa nyuma, naye amekaa kando yangu amekupakata. Unakijua kile kilima kifupi baada ya daraja la kijito. Nilikifikia nikiwa gia ya tatu. Injini ikaanza kugonga. Mama yako akasema, "Baba Aline, gari inalia." Nikamwambia inalia kwa sababu yeye anaongea.

Sababu niliyokuwa nayo moyoni ni gari lililokuwa nyuma yetu, jipya, la mfanyabiashara mwingine wa mawese. Nilikuwa na hakika dereva wake anasubiri kusikia nikishusha gia, ili aende akatangaze sokoni kwamba Hilux yangu imechoka na wateja wangu wote wahamie kwake. Basi nikashikilia ya tatu. Katikati ya kilima gari likazima, breki ikateleza, tukaanza kurudi nyuma kuelekea kijito. Sikumbuki nilifanya nini. Nakumbuka mama yako amekukumbatia. Tulisimama kwa sababu yule dereva aliruka nje ya gari lake akasukuma jiwe kubwa nyuma ya tairi letu kwa mikono yake. Mapipa yakaanguka, mawese yakatiririka barabarani mekundu, na akina mama wa jirani wakatoka na mabeseni wakitushukuru.

Unajua mimi nilifanya nini? Nilishuka nikamwuliza yule dereva anatafuta nini karibu na mapipa yangu.

Aliangalia mikono yake iliyochubuka, akarudi kwenye gari lake. Nimemtafuta mara nyingi baadaye kumwomba radhi, nikaambiwa alihamia upande wa Congo. Kwa hiyo ukiona kilima mbele yako, shusha gia ukiwa bado kwenye tambarare, gari likiwa na mwendo. Usingoje mpaka injini ikuombe mbele za watu. Wakicheka walio nyuma, waache wacheke, watapanda kilima kile kile.

La pili ni la mguu. Baada ya mambo ya kijito, klachi zilianza kuniungulia. Naweka mpya, muda si muda nasikia ile harufu, gari linanguruma na haliendi. Fundi wangu alikuwa Bahati, yule aliyetoka Fizi, mwenye garaji karibu na soko la samaki. Nilimwendea nikamwambia mbele ya watu kwamba ananifungia diski za zamani zilizopakwa rangi. Alifuta mikono polepole, akakusanya spana zake. "Muzee, ile diski ilikuwa mupya," alisema. "Sasa peleka gari yako kwa mwingine." Nikapeleka kwa mwingine. Ikaungua tena. Nikasema mafundi wa Rumonge wamepatana.

Aliyenifumbua macho ni mama yako. Tulikuwa tunaenda msibani Kabezi, barabara imenyooka, ziwa liko kushoto limetulia, hakuna hata mbuzi njiani. Akaangalia chini, kisha akauliza, "Ule muguu wa kushoto iko na kazi gani pale?"

"Uko tayari," nikasema.

"Tayari ya nini?"

"Ya lolote."

"Lolote haijatokea tangu Rumonge."

Aline, mguu wangu ulikuwa juu ya klachi safari nzima. Haukukanyaga, ulipumzika tu, ukingoja mtoto aruke barabarani, gari la mbele lisimame, askari atokee kwenye mgomba. Na klachi hata ukiigusa kidogo tu, diski haishiki sawasawa, inasuguana na kuungua kidogo kidogo mpaka iishe. Maisha yangu yote nimependa kusema kikulacho ki nguoni mwako, huku nikiwatazama wengine. Kumbe kilichonila kilikuwa ndani ya kiatu changu.

Nilimpelekea Bahati samaki wawili wakubwa, mukeke wa ziwani. Alipokea akawaweka kivulini, akaniambia nikae. Nikamweleza habari ya mguu. "Mimi nilijua," akasema. "Niliona kiatu yako ya kushoto, sole imelika pahali pamoja." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akanitazama. "Ungenisadiki?"

Ukishabadili gia, uondoe mguu wote, uweke sakafuni, pembeni. Utaona kama umelala usingizi kazini. Mimi bado unanirudia wenyewe, na nikiwa nimekaa kwenye kiti cha abiria unapoendesha wewe, mguu wangu unakanyaga klachi isiyokuwepo. Umewahi kuuona, ukanyamaza, nami nilikushukuru kimoyomoyo.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Tangu mafuta ya mazutu yaanze kuwa ya kutafutwa, madereva wa pale parkingi wamejifunza ujanja. Wakifika juu ya mteremko wanaweka gia huru, wengine wanazima na injini kabisa, gari linashuka lenyewe kimya. Wanasema wameokoa mafuta. Gari lililowekwa huru kwenye mteremko halishikwi na kitu ila breki, na breki zikishapata moto hazishiki tena. Nimemwona mmoja aliyetoka hivyo juu ya Kizuka akaingia kwenye michikichi, naye alikuwa dereva mzuri kuliko mimi. Mteremko uushuke kwa gia ambayo ungeupandia, injini ilishike gari, na breki ziwe za kona tu.

Hayo nilikwisha kukuambia. Lakini nilikuona unacheka na vijana wa parkingi, nikakusikia unasema, "Na mimi nitajaribu siku moja." Labda ulikuwa unawatania. Mimi nilikwenda nalo kitandani neno lile, nikaamka nalo.

Siku mliyokwenda kuchukua mawese, wewe na mama yako, nilichukua baiskeli nikapanda nyuma yenu mpaka ile kona ya mteremko. Nikajificha kwenye mihogo. Ndiyo, baba yako, na mvi hizi, amechuchumaa kwenye mihogo ya watu kama mwizi. Mwenye shamba alipita akaniuliza, "Muzee, iko sawa?" Nikamwambia nimepatwa na tumbo. Nikangoja, jua linanichoma shingo, najiambia nikisikia kimya, basi, haendi popote, nami nitakuwa na sababu ambayo hata Goreti hatabisha.

Nikakusikia ungali mbali. Sauti nzito, imetulia, injini imelishika gari kama mtu anayemshika ng'ombe kamba. Gia ya pili. Ukafika kwenye kona, ukagusa breki kidogo, ukaachia, ukapita mbele yangu na mapipa hayakutikisika. Ilikuwa kazi safi. Kama ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningesema huyu amefundishwa.

Ningefurahi. Badala yake nilikaa pale pale chini kwenye mihogo. Nilikuwa nimekuja kutafuta kosa, sikulipata, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Maana kosa lingekuwepo, ningekuzuia kwa ajili ya kosa. Sasa nilibaki na kitu kimoja tu, kwamba sitaki uende.

Nilikuwa na aibu ya kukisema, mwanangu. Ndipo kesho yake nikaifungua stata ya gari, nikawaambia ni mbovu, iko kwa Bahati, na kipuri hakipatikani. Nikasema, tena kwa sauti ya mtu mwenye akili, kwamba huwezi kwenda Bujumbura na gari lisilo na stata, likikuzimia Kabezi nani atakusukuma. Bahati aliitengeneza siku ile ile. Ilikuwa inataka kusafishwa tu. Tangu hapo imelala chini ya kitanda changu, imefungwa kwenye shati langu la zamani la kijani, nawe kila jioni unaniuliza, "Papa, kwa Bahati wanasema nini?" nami najibu, "Bado."

Mama yako aliiona alipokuwa anafagia. Aliifagilia pembeni, akairudisha. Leo, ulipoondoka mezani, ndipo akasema.

"Toa ile kitu yako chini ya kitanda."

Nikamwambia habari ya mteremko, nikidhani nitampa habari mpya. Nikasema mtoto anashuka vizuri, nimesikia kwa masikio yangu. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Aline aliona kinga yako," akasema. "Uliiacha kando ya barabara, na ile kamba ya bluu kwenye kiti. Akaniambia, mama, papa iko mu mihogo, tumusalimie ao tumuache? Nikamwambia tumuache."

Basi. Mliniona. Nilijificha mimi, nikaiacha hiyo kinga, baiskeli yangu, imesimama barabarani.

Nimelifikiria jambo hili alasiri yote. Maana yake ni kwamba sikusikia chochote siku ile. Nilisikia mtoto anayejua baba yake yuko kwenye mihogo. Unavyoshuka mteremko nikiwa sipo, sijui. Sitajua kamwe. Hata nikijificha kwenye kila shamba kutoka hapa Gatete mpaka Bujumbura sitajua, kwa sababu wewe una macho na mimi nina baiskeli yenye kamba ya bluu. Siwezi kukuahidi kwamba shaka itaniondoka. Goreti nitampigia simu na nitamwuliza maswali, na wewe utakasirika. Lakini mguu nautoa. Nauweka sakafuni, pembeni.

Ulipokwenda kuagana na wanakwaya, nililala chini ya gari, mama yako akanishikia tochi, akawa anamulika kila mahali isipokuwa kwenye boliti. Stata iko mahali pake. Nimeijaribu mara moja, injini imeitika upesi mpaka jirani akatoka nje kuangalia. Nikazima. Klachi nimeikaza, mafuta ya gia nimeongeza, jiwe la kuweka nyuma ya tairi liko nyuma ya kiti chako, usilitupe.

Kwa hiyo ukitaka, kesho utaingia, utazungusha ufunguo na gari litawaka. Ni haki yako. Lakini nakuomba kitu kimoja. Ulisema utaondoka hata kama ni kwa kusukuma. Kesho usiwashe kwa stata. Zungusha ufunguo nusu tu, taa ziwake, uishie hapo. Kanyaga klachi mpaka chini, weka gia ya pili. Si ya kwanza, ya kwanza italishtua gari na kulisimamisha. Mama yako atakuwa upande wa kulia, mimi upande wako. Utusubiri. Usiachie mapema kwa kunionea huruma, na usingoje mpaka tuchoke. Utasikia mwenyewe gari likianza kuwa jepesi mikononi mwetu. Hapo ndipo uachie mguu.

Ikishika, usisimame. Najua utataka kusimama, na mama yako atakuwa analia. Usisimame, na usinipungie, mkono wako wa kulia utakuwa na kazi. Nenda. Mimi macho yangu hayatakuona mbali, lakini nitabaki pale njiani nikisikiliza. Sauti itapanda, kisha itakatika kidogo, kisha itarudi chini imetulia. Nikisikia hivyo nitajua umeweka ya tatu, nami nitaingia ndani kunywa chai.

Baba yako,
ambaye kesho hatakuwa kwenye mihogo